Akseleta kali kwenye baiskeli ya umeme: kwa nini inaruka, na namna ya kuituliza

Ukigusa akseleta kidogo tu, baiskeli inaruka. Ukiirudisha nyuzi mbili tatu, nguvu inakatika ghafla kana kwamba mtu ameshika breki. Kwenye mota ya wati 250 hilo ni kero tu. Kwenye mota ya wati 3,000 na betri ya volti 72 ni jambo la kuvunja mfupa wa bega, hasa kwenye kona yenye mchanga au ukiwa umesimama nyuma ya gari.

Wengi hukimbilia kununua akseleta nyingine, wakaifunga, na tabia ikabaki ileile. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi, kwa sababu akseleta ni sensa tu. Ukali unatoka kwenye namna kontrola, yaani kile kisanduku kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, inavyoitafsiri ishara yake, na kwenye namba moja ambayo dashibodi haikuonyeshi: ampea zinazoingia kwenye mota. Hizo si ampea zinazotoka kwenye betri. Ukielewa tofauti hiyo, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Ampea za mota na ampea za betri

Kontrola za bei nafuu hutumia akseleta kuchagua asilimia ya volti za betri zipelekwe kwenye mota. Ukifungua asilimia 5, mota inapewa asilimia 5 ya volti 72, yaani volti 3.6. Zinaonekana chache. Lakini mota iliyosimama haina kitu cha kuzipinga volti hizo isipokuwa ukinzani wa koili zake, na kwenye mota kubwa ukinzani huo unaweza kuwa omu 0.1 tu. Gawanya 3.6 kwa 0.1: ampea 36 zimeshaingia. Kwa asilimia 10 ni ampea 72. Kama sehemu ya akseleta inayofanya kazi ni nyuzi 60, basi hizo ampea 72 umezipata kwa nyuzi 6 za kuzungusha, na nyuzi 6 ni kiasi ambacho mkono husogea wenyewe gurudumu likipita kwenye jiwe.

Sasa angalia betri. Ampea za betri ni zile za mota mara asilimia uliyofungua, kwa hiyo 72 mara asilimia 10 ni kama ampea 7. Dashibodi inasoma 7, nawe unajiuliza mbona baiskeli imeruka hivyo. Ndiyo maana kupunguza kikomo cha betri kutoka ampea 40 hadi 30 hakugusi kabisa ule mshtuko wa kuondokea. Unajinyima kasi ya juu na nguvu ya mlimani, lakini kwenye kuondoka hujabadilisha kitu. Msukumo wa gurudumu unafuata ampea za mota.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini baiskeli inakatika ukiachia kidogo. Mota inayozunguka huzalisha volti zake zenyewe. Tuseme kwa mwendo ulio nao inazalisha volti 30, na kontrola inaipa 31. Tofauti ya volti 1 ni ampea 10. Rudisha akseleta kidogo, kontrola ikashuka hadi volti 30, na msukumo wote umekwisha. Kati ya kusukumwa na kuteleza bure kuna volti moja tu, na hakuna kidole kinachoweza kutulia hapo barabarani.

Kontrola zinazoendesha mota kwa kufuata msukumo, kama VESC au Phaserunner ya Grin, huichukulia akseleta kuwa ni ombi la ampea za mota. Robo ya akseleta ni robo ya ampea, uwe umesimama au uko kwenye kasi. Kwa mota yenye nguvu kubwa, hilo ndilo badiliko lenye thamani kuliko mengine yote katika makala hii. Kama kontrola yako inakuruhusu kuchagua kati ya kuendesha kwa kasi na kuendesha kwa ampea, chagua ampea kabla hujagusa kitu kingine. Kwenye VESC chagua ile ya ampea isiyo na kurudi nyuma, na uwashe ulinzi unaozuia mota kuanza kama akseleta imefunguliwa wakati unawasha.

Pima kwanza

Akseleta ya kawaida ina waya tatu: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya hasi, na ya tatu ya ishara, mara nyingi kijani au nyeupe. Rangi si sheria, kwa hiyo thibitisha kwa mita. Ndani yake kuna sumaku iliyopinda inayopita mbele ya sensa ya Hall, yaani sensa inayohisi sumaku, mara nyingi ya aina ya 49E. Ikiwa imetulia hutoa kama volti 0.8 hadi 0.9, na ikizungushwa hadi mwisho hutoa kati ya 3.6 na 4.2. Kontrola nyingi huanza kuendesha mota kwenye volti 1.1 au 1.2, na hukuhesabia umefungua yote ukifika karibu 3.5 au 3.6.

Inua gurudumu la mota lisiguse chini, kisha funga mkono wa breki kwa mpira ili swichi yake iikate mota. Bandika selotepu ya karatasi kwenye mpini na uweke alama kila nyuzi 10. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya plagi, moja kwenye ishara na moja kwenye hasi, kisha andika volti kwa kila alama. Kama akseleta yako ina taa za kuonyesha chaji au swichi ya ufunguo, kuwa mwangalifu sana: mmoja kati ya waya zake unabeba volti zote za betri. Pini ikiteleza na kuugusanisha waya huo na ule wa ishara, kontrola imekufa hapohapo.

Chukua mfano wa akseleta inayozunguka nyuzi 80 na kutoa kati ya volti 0.85 na 4.2, ikiwa kwenye kontrola inayofanya kazi kati ya 1.2 na 3.6. Nyuzi 8 za mwanzo hazifanyi kitu. Nyuzi 14 za mwisho nazo hazifanyi kitu. Nguvu yote imebanwa kwenye nyuzi 57 za katikati. Nimeichukulia kana kwamba volti hupanda sawasawa. Kwa kweli sumaku nyingi hupandisha volti haraka zaidi katikati, na selotepu yako itakuonyesha hilo. Ukipata mahali ambapo nyuzi 10 zinaongeza volti 0.8 ilhali penginepo zinaongeza 0.3, umepata pale ambapo baiskeli inarukia.

Wakati mita bado iko pale, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho, bila kugusa akseleta. Volti zisicheze. Zikicheza, una waya unaokatika ndani ya ganda lake au plagi iliyolegea, na hakuna marekebisho ya programu yatakayotibu hilo. Angalia pia kama mpini unarudi wenyewe ukiuachia ghafla. Uache nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati yake na mpira wa ndani wa usukani, kwa sababu vikigusana springi inashindwa kurudisha.

Mpangilio wa marekebisho

Anza na mipaka ya volti. Kwa akseleta ya mfano wetu, weka mwanzo kwenye 1.0 na mwisho kwenye 3.95. Sehemu inayofanya kazi inapanuka kutoka nyuzi 57 hadi karibu 70, na hujapoteza nguvu yoyote. Usijaribu kubana zaidi ya hapo. Sensa ya 49E hufuata volti inayolishwa: laini ya volti 5 ikishuka hadi 4.75, kila kitu kinashuka kwa asilimia 5, na ile 4.2 inakuwa 3.99. Ukiweka mwisho kwenye 4.15 kuna siku hutapata nguvu zote. Upande wa chini ndio mbaya zaidi. Ukiweka mwanzo kwenye 0.87, joto kidogo tu linatosha kuifanya baiskeli ianze kutambaa yenyewe. Nafasi ya volti 0.15 juu ya utulivu ni ya lazima.

Mota za Bafang za BBS02 na BBSHD huandika volti hizo kwa sehemu za kumi: 11 ni volti 1.1, na 35 ni volti 3.5. Palepale kuna asilimia ya ampea za kuanzia, na hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa teke la kwanza. Ikiwa juu, mota haina mguso mwepesi hata ukiwa na kidole cha fundi saa. Ishushe hadi 5 au 10. Kabla ya kuandika chochote, soma mipangilio iliyomo na uihifadhi kama faili, ili uwe na pa kurudi.

Kisha punguza ampea za mota. Kama kikomo kilichomo ni 200, anza na 100. Acha ampea za betri kama zilivyo. Kasi ya juu itabaki ileile, na kitakachopungua ni mvuto wa mwanzo tu. Endesha, kisha ongeza ampea 10 au 15 kwa wakati mmoja hadi uone gurudumu la mbele linaanza kuwa jepesi wakati wa kuondoka, halafu rudi hatua mbili. Kwa baiskeli nyingi zenye nguvu, hapa ndipo ukali unapokwisha kwa kiasi kikubwa, na waendeshaji wengi hawarudi tena kwenye namba ya kiwandani.

Kama kontrola haina mahali pa kupanga ampea za mota, chunguza kama kuna mtu aliyewahi kuongeza risasi ya kuchomelea kwenye ule waya mnene wa kupimia ampea ndani yake. Ni ujanja wa zamani wa kupata nguvu zaidi. Baada ya hapo kontrola inadhani inapitisha ampea 30 kumbe ni 45, na kila kikomo unachokiweka ni cha uongo.

Baada ya ampea ndipo uende kwenye umbo la mwitikio, yaani namna nguvu inavyopanda kadiri unavyozungusha akseleta. Mwitikio wa mraba hukupa asilimia 25 ya nguvu ukiwa nusu ya akseleta, na asilimia 6 ukiwa robo. Ni mtamu sana kwenye foleni. Lakini kilichopunguzwa mwanzoni lazima kipatikane mwishoni, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya akseleta inakuwa kali mara mbili ya ilivyokuwa. Ukienda hadi mchemraba inakuwa mara tatu, na sasa ukali umehama kutoka kwenye kuondoka hadi kwenye kupita gari lingine. Kipeo cha 1.5 ni mahali pazuri pa kuanzia: nusu ya akseleta inakupa asilimia 35, robo inakupa asilimia 12 na nusu.

La mwisho katika programu ni muda wa kupanda, yaani inachukua muda gani kutoka sifuri hadi nguvu zote. Sekunde 0.3 hadi 0.5 zinatosha kuondoa teke bila kuifanya baiskeli izubae. Usiende kwenye sekunde 1 au 2. Watu hufanya hivyo wakidhani polepole ndiyo salama, lakini mkono unazungusha, unaona hakuna kitu, unazungusha zaidi, halafu nguvu yote inafika kwa pamoja wakati tayari umebadili nia. Na muda wa kushuka usiuguse kabisa isipokuwa kuufupisha. Ukiachia akseleta, mota iache kusukuma papo hapo.

Ukitumia Cycle Analyst, yaani kompyuta ndogo ya baiskeli inayofungwa kati ya akseleta na kontrola, muda huo unaandikwa kwa volti kwa sekunde. Kontrola ikifanya kazi kati ya 1.2 na 3.6, safari nzima ni volti 2.4, kwa hiyo nusu sekunde ni volti 4.8 kwa sekunde, na ukiandika 1 umejipa sekunde 2.4 za kusubiri. Kifaa hicho pia kinaweza kuigeuza akseleta kuwa ombi la ampea au wati za betri. Hilo ni bora kuliko ombi la volti, lakini kumbuka hesabu ya juu: wati 500 kwenye mwendo wa kutembea kwa miguu bado ni msukumo mkubwa, kwa hiyo chagua pia kupanda kwa upole. Baiskeli ikianza kutetemeka au kuvuta na kuachia kwa mapigo, umeweka marekebisho ya kujisahihisha makali mno. Yapunguze kwa nusu ujaribu tena.

Kama kontrola haipangiki

Hapa ndipo watu hushika resista, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Kigawanyo cha volti kinaweza kuirudisha sehemu ya mwisho iliyokuwa haifanyi kazi. Weka resista ya omu 1,500 kwenye waya wa ishara, na nyingine ya omu 10,000 kutoka upande wa kontrola wa resista hiyo kwenda hasi. Volti 4.2 zinakuwa 3.65, na 0.85 inakuwa 0.74. Nyuzi zinazofanya kazi zinapanda kutoka 57 hadi kama 66. Kontrola nayo ina resista yake ndani inayovuta kwenda hasi, kwa hiyo namba halisi zitakuwa chini kidogo. Pima baada ya kuunganisha, usiamini karatasi.

Hatari yake ni hii. Waya mweusi wa akseleta ukikatika, ishara inaweza kupanda kuelekea volti 5. Kontrola nyingi zinalijua hilo: zikiona volti nyingi kupita kiasi, tuseme 4.5, zinaelewa kuwa ni hitilafu na kuzima mota. Ukiwa na kigawanyo, zile volti 5 zinafika kwenye kontrola zikiwa 4.35. Hapo haioni hitilafu. Inaona mtu amefungua akseleta yote. Umetuliza mkono na papo hapo umeondoa mlinzi wa mlangoni. Kwa hiyo usifunge kigawanyo kwenye baiskeli isiyo na swichi za kukata mota kwenye breki zote mbili, na hizo swichi uzijaribu kila unapotoka.

Njia ya pili ni kuchelewesha ishara kwa kapasita. Resista ya omu 4,700 kwenye ishara na kapasita ya mikrofaradi 47 kutoka upande wa kontrola kwenda hasi, mguu chanya ukiwa kwenye ishara, zinatoa ucheleweshaji wa kama sekunde 0.22. Peke yake haifai, maana inachelewesha na kuachia pia. Lazima uweke dayodi sambamba na resista, mstari wake ukielekea upande wa akseleta, ili kapasita ijimwage haraka unapoachia. Tumia dayodi ya Schottky. Ya silikoni huacha volti 0.6 juu ya ile 0.85 ya utulivu, jumla 1.45, na kontrola inayoanza kwenye 1.2 itaendelea kusukuma hadi resista imalize kazi. Schottky huacha kama 0.3, unabaki na 1.15, chini ya mstari kwa kiasi kidogo sana. Ndiyo maana kwangu njia hii ni ya muda, hadi upate kontrola inayopangika.

Usiziache resista zikining'inia. Zichomelee vizuri, zivike mpira unaonywea kwa joto, na uzifunge karibu na kontrola. Waya wa ishara usilale sambamba na zile waya tatu nene za mota, kwa sababu mapigo yao yanaingia kwenye ishara na baiskeli inakohoa ikiwa chini ya mzigo hata kama mita haikuonyesha kitu ikiwa imesimama. Kama lazima zikutane, zipishane kwa pembe mraba.

Mkono wenyewe

Mpini mzima unaozunguka ni mbaya kwa baiskeli yenye nguvu. Baiskeli ikiruka, mwili unabaki nyuma, mikono inanyooka, na kunyooka huko kunazungusha mpini zaidi. Akseleta ya nusu mpini inakuachia vidole viwili vya nje kushika sehemu isiyozunguka, na hivyo ndivyo vinavyozuia mkono kuvutwa. Ya kidole gumba haina tatizo la kuzungushwa na mwili, ila safari yake ni fupi, kwa hiyo inataka mwitikio uliopinda zaidi.

Kujaribu

Gurudumu likiwa hewani unaweza kuthibitisha vitu viwili tu: kwamba mota inazima ukishika breki, na kwamba inazima ukiachia akseleta. Usijaribu kupima upole hapo. Bila mzigo, hata ampea chache zitalipeleka gurudumu hadi kasi ya mwisho, na hasa kontrola inayofuata msukumo itaonekana mbaya kuliko ilivyo.

Kaza kwanza vishikio vya ekseli kama mota iko kwenye gurudumu, maana kila teke ulilokuwa ukilipata lilikuwa linajaribu kuizungusha ekseli ndani ya uma na kukata waya. Kama mota iko katikati, angalia mnyororo na meno ya gia kwa sababu hiyohiyo.

Kisha jaribu mahali pa wazi, tambarare, betri ikiwa imejaa. Hilo la betri watu hulisahau. Betri ya seli 20 mfululizo ikijaa ina volti 84, na ikikaribia kuisha ina kama 60. Kwa kontrola ya asilimia, ile asilimia 5 ni volti 4.2 asubuhi na volti 3 jioni. Ukipanga jioni ukaridhika, kesho yake ukiitoa kwenye chaji utakutana na baiskeli iliyo kali kwa asilimia 40 zaidi.